Namna ya Kufanya Utafiti wa Tiba Usiobadilisha Chochote

Kuna hesabu moja ndogo ambayo, ukiiachia iingie kwenye andiko lako la utafiti, itakuharibia kazi. Haihitaji maabara. Inauliza mambo matatu tu: leo, kabla hujatafiti, ungewapa wagonjwa tiba gani, kuna uwezekano gani kwamba umekosea, na kama umekosea, nani anaumia na kwa kiasi gani. Ukishajibu hayo, inakutajia gharama ya kutojua kwako, na gharama hiyo ndiyo kikomo cha fedha ambazo mtu mwenye akili timamu angelipa ili ajue. Wenyewe wanaiita uchambuzi wa thamani ya taarifa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watafiti wanaotaka kuikwepa. Hamko peke yenu: mwaka 2009 Iain Chalmers na Paul Glasziou waliandika katika jarida la The Lancet kwamba takriban asilimia 85 ya fedha za utafiti wa afya duniani zinapotea bure, na sababu ya kwanza waliyoitaja ni kuuliza maswali yasiyo na maana kwa wagonjwa na madaktari. Asilimia 85 ni umati. Utapata watu wa kukaa nao.

Adui mjue kwanza. Hesabu hii haikuzaliwa hospitalini. Howard Raiffa na Robert Schlaifer waliiweka kitabuni mwaka 1961 pale Harvard, wakiwafikiria wafanyabiashara wanaotakiwa kuamua huku hawajui soko litakwenda wapi, na mwaka 1966 Ronald Howard akaiendeleza kwa wahandisi. Aliyetuletea balaa sisi wa tiba ni mchumi wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Karl Claxton, ambaye mwaka 1999 aliandika makala ya kusema kwamba ile thamani ya p tunayoiabudu haina kazi mtu anapotakiwa kuamua. Ukilazimika kuchagua, chagua kinachoonekana bora leo. Swali la kama utafiti zaidi unahitajika ni swali jingine kabisa, na lina bei yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, asije akaumia mtu. Kuna dawa ya zamani na dawa mpya. Kwa ushahidi mchache uliopo, tunaamini kuna nafasi 7 kati ya 10 kwamba dawa mpya inaokoa watu 10 zaidi katika kila wagonjwa 1,000, na nafasi 3 kati ya 10 kwamba inaua 10 zaidi. Ukiambiwa uamue leo utachagua mpya, kwa sababu saba mara kumi, toa tatu mara kumi, gawa kwa kumi, unapata roho 4 zilizookolewa katika kila wagonjwa 1,000. Sasa jaalia malaika amekunong'oneza ukweli kabla hujaandika cheti. Akisema mpya ni nzuri, unaitumia na kuokoa 10. Akisema ni mbaya, unabaki na ya zamani, hupati wala hupotezi. Wastani wake ni 7. Toa 4 kwenye 7, inabaki 3, na hiyo 3 ndiyo thamani ya mnong'ono wa malaika. Nchi ikiwa na wagonjwa 10,000 wa namna hiyo kwa mwaka, ni roho 30 kila mwaka. Uamuzi ukidumu miaka 10, ni roho 300.

Badilisha namba mbili tu. Nafasi ya dawa mpya kuwa mbaya iwe 1 kati ya 20, na ikiwa mbaya iue mtu 1 zaidi badala ya 10. Rudia hesabu ileile na zile roho 300 zinakuwa 5. Dawa zilezile, wagonjwa walewale, idadi ileile. Swali la kwanza linastahili jaribio kubwa la kitabibu. La pili linastahili kuachwa, hata kama bado hatuna uhakika. Umeona hatari yake? Mtu yeyote wa kamati mwenye kalamu anaweza kuifanya nyuma ya ratiba ya kikao, huku wewe bado uko kwenye slaidi ya shukrani.

Kwa hiyo anza na mada. Kanuni ni moja: chagua swali ambalo jibu lake, liwe hivi au vile, litazaa pendekezo lilelile. Katika fani hii hakuna kinachoshinda utafiti wa uelewa, mtazamo na mwenendo. Chukua wahudumu wa afya wa wilaya yoyote, wape dodoso kuhusu kunawa mikono. Ukikuta uelewa uko chini, pendekeza mafunzo. Ukikuta uko juu, pendekeza mafunzo ya kukumbushia. Kama maji yanatoka bombani au hayatoki, hilo halimo kwenye dodoso. Hapa hata malaika akijitokeza mwenyewe na kukupa majibu yote, uamuzi hausogei, kwa hiyo thamani ya taarifa ni sifuri kamili. Sisemi kwamba udadisi ni dhambi. Anayechungua protini maabara kwa kutaka kujua tu ana mizani yake, na dunia inamhitaji. Nasema na sisi tunaomwamsha mgonjwa alfajiri kumtoa damu kwa kumwahidi kwamba itawasaidia wenzake.

Kama moyo wako unapenda jaribio halisi, lenye dawa, dawa bandia na grafu, basi tafiti kilichokwisha kujulikana. Hapa mabingwa ni madaktari wa upasuaji wa moyo wa nchi tajiri na dawa yao ya aprotinini, ya kupunguza damu inayopotea wakati wa upasuaji. Kati ya 1987 na 2002 yalichapishwa majaribio 64 ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Dean Fergusson na wenzake walipoyajumlisha moja baada ya jingine, waliona kwamba jibu la kama dawa inapunguza haja ya kuongezewa damu lilikuwa limeshatulia katika jaribio la 12, mwaka 1992. Majaribio 52 yaliyofuata yaliuliza tena. Siri yao ni rahisi na unaweza kuiga: kwa kawaida waandishi walitaja sehemu ndogo tu ya tafiti zilizowatangulia. Usiposoma, kila kitu ni kipya.

Uzuri wa ziada ni kwamba wakati foleni hiyo inakwenda, swali lenye uzito lilikuwa limekaa pembeni linasubiri: ukilinganisha na dawa mbili za bei nafuu zinazofanya kazi hiyohiyo, ni ipi inayoacha watu wengi hai? Wakanada waliliuliza kwa jaribio la BART, wagonjwa 2,331, na mwaka 2008 wakaripoti vifo asilimia 6.0 kwa aprotinini dhidi ya 3.9 na 4.0 kwa zile nyingine mbili. Dawa ilikuwa imeshasimamishwa sokoni mwaka uliotangulia. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipinga baadhi ya uchambuzi huo na kupendekeza irudishwe kwa matumizi ya mipaka, kwa hiyo mjadala ungalipo. Lakini angalia mpangilio: majaribio 64 kwenye swali la damu, halafu ugomvi kwenye swali la uhai. Hicho ndicho kiwango tunachokilenga.

Mfano wa kuogopa uko jirani. Mwaka 2009 Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walianza jaribio la FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ile ya Teule pale Muheza ikiwa mojawapo. Walimgusa mtu asiyegusika: dripu. Mtoto analetwa ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, moyo unakimbia, damu haizunguki vizuri. Vitabu vya nchi tajiri vilisema apewe maji ya mshipa mengi kwa haraka; katika jaribio ilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja. Nani angehoji? Mama mwenyewe akiona dripu imetundikwa anatulia. Na daktari aliyekaa kando ya kitanda angeapa kwamba inafanya kazi, kwa sababu baada ya saa moja watoto waliopewa maji hayo ya haraka walionekana afadhali kuliko wenzao. Dalili za mshtuko zilipungua zaidi kwao.

Halafu wakafa zaidi. Ndani ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini, 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wale ambao hawakupewa maji ya haraka hata kidogo. Kamati ya usalama wa data ililisimamisha jaribio Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameingia kati ya 3,600 waliopangwa. Kumbuka ni hospitali ambazo mtoto akizidiwa hakuna mashine ya kumpumulia, na ushahidi wa vile vitabu haukutoka kwenye hospitali za namna hiyo.

Weka namba hizo kwenye hesabu ya malaika uone kwa nini nakutahadharisha. Chukua daktari aliyeamini 9 kwa 10 kwamba dripu ya haraka inaokoa. Bado ana shaka ya 1 kwa 10. Kwa madhara yaliyokuja kuonekana, watoto 33 wa ziada katika kila 1,000, shaka hiyo ndogo peke yake ina thamani ya watoto 3.3 katika kila 1,000, zaidi ya ile 3 ya mfano wetu wa kubuni ambako tulikuwa na mashaka makubwa zaidi. Kumbe mtu anaweza kuwa na uhakika wa kutosha kutibu na asiwe na uhakika wa kutosha kuacha kutafiti. Jambo hili likienea, kila desturi ya wodini itaulizwa cheti cha kuzaliwa. Wewe ukikutana na desturi inayogusa wagonjwa wengi, yenye ushahidi mchache na madhara makubwa ikiwa si sahihi, ipite kimyakimya. Sema ni kinyume cha maadili kuihoji.

Sasa idadi ya wagonjwa. Hapa utakwenda kwa mtakwimu, na mazungumzo yatakuwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Umeleta namba?"

"Nimeleta bajeti."

"Ndiyo namba yenyewe. Inatosha wagonjwa wangapi?"

"Mia nne. Na posho za wasimamizi zimo."

"Vifo kwa sasa?"

"Asilimia kumi."

"Dawa yako itavishusha hadi ngapi?"

"Wenzangu wodini wanadhani nane."

Mzee anabonyeza. "Nane ni wagonjwa kama 3,200 kila kundi."

"Na tano?"

"Mia nne thelathini na ushee kila kundi."

"Tatu je?"

"Mia moja na tisini."

"Basi nadhani ni tatu."

"Hongera, dokta. Umegundua dawa."

Kila namba ya mzee ni sahihi kabisa, kwa nguvu ya kitakwimu ya asilimia 80 na kiwango cha umuhimu wa kitakwimu cha asilimia 5, na hakuna kamati itakayoitoa kasoro. Kilichobadilika ni matumaini yako, ambayo hayakaguliwi. Thamani ya taarifa inauliza kwa lugha nyingine: mgonjwa mmoja zaidi akiingia kwenye jaribio, anapunguza kiasi gani cha hatari ya kuamua vibaya kwa wote watakaokuja baadaye, na anagharimu nini? Endelea kuongeza mpaka faida ya anayefuata iwe ndogo kuliko gharama yake, kisha simama. Kwenye gharama weka pia wanaotibiwa nje ya jaribio wakati wewe unasubiri mwaka wa tano wa ufuatiliaji. Ndiyo maana wakati mwingine hesabu hii inakubali jaribio dogo, kwa mfano kwa ugonjwa unaowapata watu mia mbili nchi nzima, ambako kudai asilimia 5 ni kudai wagonjwa ambao Mungu hakuwaumba. Usiliseme hili mbele ya mzee. Ana jedwali lake na amelizoea.

Kuna waliofanya kinyume na wakaaibisha taaluma. Jaribio la WOMAN, la dawa ya asidi ya traneksamiki kwa kina mama wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua, lilipangwa kuwa na wanawake 15,000. Wahusika walipoona haliwezi kujibu swali la kifo kwa idadi hiyo, badala ya kuongeza matumaini wakaongeza wanawake, wakafika 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba vifo vya kutokwa damu vimeshuka kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5. Ukiisoma haraka unaweza kucheka: miaka yote hiyo kwa 0.4! Lakini dawa ni ya bei nafuu na kina mama wanaotoka damu hawahesabiki, na hapo ndipo 0.4 inapoanza kulipa.

Ukishamaliza, hitimisho lako liwe na sentensi moja tu isiyokosewa: utafiti zaidi unahitajika. Usiseme utafiti upi, wa nini, wala wa kiasi gani. Steroidi kwa majeruhi wa kichwa ziliishi kwa sentensi hiyo zaidi ya miaka 30, zikipita kwenye majaribio madogo madogo ambayo hakuna hata moja lililoweza kusema zinaponya au zinaua. Lilipokuja jaribio la CRASH, wagonjwa 10,008, matokeo ya mwaka 2004 yalikuwa vifo asilimia 21.1 kwa waliopewa dhidi ya 17.9 kwa wasiopewa, ndani ya wiki mbili. Zaidi ya miaka 30 ni maisha ya kazi ya mtafiti mzima, kuanzia ukatibu wa kamati hadi uprofesa.

Tatizo ni kwamba wale watu wa thamani ya taarifa wana njia ya kuivunja sentensi yako vipandevipande. Wanauliza: kati ya vyote usivyovijua, ni kipi hasa ambacho ukikijua uamuzi utageuka? Na mara nyingi jibu linatia uvivu. Chukua hiyohiyo asidi ya traneksamiki. Tunajua inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu. Baada ya hapo faida yake haionekani. Basi hospitali ya wilaya inayojiuliza iweke akiba kiasi gani haihitaji jaribio jipya la dawa. Inahitaji kujua ni kina mama wangapi wanaotoka damu wanapata sindano kabla ya saa tatu kuisha, na hilo limo kwenye rejista ya wodi ya wazazi, kama muda uliandikwa. Muuguzi mmoja, daftari na wiki chache. Hakuna gari, hakuna semina ya uzinduzi, hakuna fulana. Ukiona mapendekezo ya namna hii yanakaribia andiko lako, sema yanafaa kwa mwanafunzi wa diploma.

Akitokea mtu akakubana kabisa kwamba kwa nini hukufanya uchambuzi huo, jibu la kawaida ni kwamba hesabu zake ni nzito. Hii ilikuwa kweli. Zamani kompyuta ilikesha. Mwaka 2014 Mark Strong, Jeremy Oakley na Alan Brennan wa Sheffield walitoa njia inayotumia matokeo ya modeli uliyo nayo tayari na kumaliza kwa dakika chache, kisha programu yake ikawekwa mtandaoni bure. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wachumi wa dawa, ISPOR, kikatoa na miongozo. Wewe endelea kusema ni nzito. Wengi wa wanaokuuliza hawajafuatilia tangu mwaka 2005.

Lililobaki ni ajali: umefuata mwongozo wote huu, na bado jibu lako limetoka lenye maana. Usihamaki. Taarifa haina thamani mpaka mtu aitumie, na hapo ndipo pa kuizuia. Hata FEAST ilikwama. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo jipya la mwongozo wake wa watoto wa hospitalini, na mwaka 2014 watafiti wa jaribio hilo walilazimika kuandika katika jarida la BMJ kulalamika kwamba data zao hazikuzingatiwa. Kama waliopanga vizuri yamewakuta hayo, wewe huhitaji jitihada kubwa. Fanya warsha ya kusambaza matokeo hotelini, mbali na wodi. Waalike wakurugenzi, usiwaalike wanaolala zamu. Andika ripoti kwa Kiingereza, kurasa 140, muhtasari wa Kiswahili uahidiwe kwenye awamu ya pili. Picha ya pamoja iwe kwenye jalada. Jedwali la vifo liweke kwenye kiambatisho cha nne.